Moto Hutii Hewa

Mwanafunzi wa sekondari mjini Same hukutana na kichomeo cha Bunsen mapema katika somo la kemia, na hukaririshwa sheria zake: funga tundu la hewa, washa kiberiti, ndipo ufungue gesi. Sheria hizo ni njema, lakini usalama wa kweli huja pale anayezifuata anapoujua moto wenyewe. Ujuzi huo si mgeni Upare. Karne nyingi kabla ya Robert Bunsen na fundi Peter Desaga kukitengeneza kifaa hiki huko Heidelberg, katika miaka ya 1850, Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, walitoa chuma kwenye madini kwa makaa na mivukuto. Umahiri wao wote ulikuwa kuiongoza hewa.

Tuutazame mwali kwa karibu. Tundu likifungwa, gesi hukosa oksijeni ya kutosha. Chembe za kaboni hung'aa kwa joto kabla ya kuungua, na hapo ndipo inapotoka rangi ya njano, pamoja na masizi yanayopaka kitako cha chombo. Pete ya tundu ikizungushwa ili kulifungua, hewa huchanganyika na gesi ndani ya bomba: mwali hunyooka, huwa wa buluu, na mchana huonekana kwa shida. Joto kali zaidi liko juu kidogo ya ncha ya pia ya ndani, kwa kuwa ndani ya pia hiyo gesi bado haijaungua. Ajuaye haya hurudisha mwali wa njano kila anapopumzika, ili jirani yake auone. Hufunga tundu kabla ya kuwasha kwa sababu moto unaweza kurudi ndani ya bomba. Akinusa gesi ya mtungi hufungua milango bila kugusa swichi, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni.

Atasema mtu kwamba tanuri la mhunzi halifanani na kichomeo, kwani humo makaa yalitakiwa yasiungue kikamilifu. Ni kweli: kaboni monoksidi inayotokana na upungufu wa oksijeni ndiyo inayoyanyang'anya madini oksijeni yake na kuacha chuma. Lakini tofauti hiyo inaitia hoja nguvu, kwa sababu gesi hiyohiyo huwaua watu waliofunga madirisha usiku wa baridi na kulala na jiko la mkaa. Mwingine atasema shule nyingi hazina gesi. Basi taa ya spiriti na jiko la mafuta ya taa vifundishe, kwani sheria ya hewa ni moja. Mwalimu anayemtaka mwanafunzi aeleze kwa nini njano imegeuka buluu, badala ya kuitaja tu, anampa kinga itakayomfaa maabarani na nyumbani.