Kinu, Wali na Mvua ya Kieni

Tarehe 1 Septemba 1974, katika Bahari ya Pasifiki, kilomita 800 hivi kutoka pwani ya Japani, vipimo vya mionzi ndani ya meli ya Mutsu vilianza kupanda. Kinu chake cha nyuklia kilikuwa kimewashwa siku chache tu zilizotangulia, na wakati huo kilikuwa kikitoa asilimia 1.4 ya nguvu zake. Meli haikuwa imebeba shehena yoyote ya kuuza. Ilikuwa imeenda mbali na watu ili kujaribiwa, na jaribio likafeli kabla halijapamba moto.

Kinu chenyewe kilikuwa cha aina iliyozoeleka. Maji yenye shinikizo kubwa huzunguka fito za uraniamu na kubeba joto lake hadi kwenye maji mengine, hayo huchemka, na mvuke wake huzungusha tabo zinazosukuma meli. Kasoro haikuwa hapo. Ilikuwa kwenye ngao. Kati ya chombo cha chuma kinachoshika kinu na ngao nene inayokizunguka hubaki mwanya, na kwenye Mutsu neutroni zenye kasi zilipanda kupitia mwanya huo kama mvuke unaotokea pembeni mwa kifuniko kisichokaa sawasawa juu ya sufuria. Zilipofika juu zilitawanyika, zikagonga vyuma, na vyuma navyo vikatoa mionzi ya gama. Ubavuni ngao ilitosha, juu haikutosha.

Hapa inafaa kuwatendea haki wahandisi. Kinu hakikuyeyuka, wala maji yenye sumu ya nyuklia hayakumwagika baharini. Kilichotoroka ni mionzi, na kinu kikizimwa mionzi ya namna hiyo hukoma.

Kisha likaja jambo ambalo Wajapani hawajalisahau. Mabaharia walipika wali, wakauchanganya na boroni, wakautumia kuziba njia ya neutroni. Magazeti yalicheka, ingawa fizikia yake ilikuwa timamu kuliko kicheko hicho. Wali umejaa maji, na haidrojeni iliyomo ndiyo huzipunguzia neutroni kasi. Zikishapoa, boroni huzimeza. Isitoshe, wali hunata na hujaza pembe yoyote. Katikati ya bahari, bila karakana wala duka, ni vigumu kufikiria kizibo bora kilichokuwa karibu. Aibu ilikuwa kwamba kilihitajika.

Maana onyo lilikuwapo. Kampuni ya Westinghouse ya Marekani iliwahi kuupitia mchoro wa ngao hiyo na kueleza kwamba neutroni zingeweza kupenya. Mchoro haukubadilishwa. Gamba la meli liliundwa na Ishikawajima-Harima, likazinduliwa mwaka 1969. Kinu kilitengenezwa na Mitsubishi. Kazi ikigawanywa hivyo, mwanya kati ya vitu viwili huwa rahisi pia kuangukia kati ya mikataba miwili.

Japani haikuwa imeota ndoto ya meli ya mizigo ya nyuklia peke yake. Marekani ilikuwa imeizindua Savannah mwaka 1959, meli nyeupe ya kupendeza yenye nafasi za abiria 60, ambayo ilizunguka dunia zaidi kwa maonyesho kuliko kwa faida na kustaafishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ujerumani Magharibi ilikuwa na Otto Hahn, iliyobeba mizigo kwa nguvu za nyuklia kuanzia 1968 hadi 1979, ikasafiri maili za baharini zipatazo 650,000, halafu ikang'olewa kinu na kuwekewa injini ya dizeli. Ya nne, Sevmorput ya Wasovieti, ilianza kazi mwaka 1988 kwenye barafu za kaskazini. Ukiondoa hizo nne, hakuna meli nyingine ya mizigo ya namna hiyo iliyowahi kuundwa.

Mtambo uliweza kusafiri mwendo mrefu bila kujaza mafuta. Hilo Otto Hahn ililithibitisha. Kilichozishinda meli hizi ni gati. Meli ya mizigo huishi kwa kuingia bandari nyingi, na kila bandari ilikuwa na haki ya kukataa, kudai bima, au kutaka mazungumzo ya miezi kabla ya kamba kufungwa. Dizeli haiulizwi maswali hayo.

Mutsu ilikataliwa hata nyumbani. Wavuvi wa Ghuba ya Mutsu, mkoani Aomori, walikuwa wakifuga kombe katika maji yaleyale, na walijua kwamba mnunuzi akishasikia neno mionzi hatangoja matokeo ya maabara. Kabla ya safari walikuwa wameizingira meli kwa mashua zao. Hali mbaya ya hewa ilipowalegeza, ikaponyoka usiku. Habari za hitilafu zilipofika, walifunga njia ya kurudi. Mutsu ilibaki baharini zaidi ya mwezi mmoja, hadi katikati ya Oktoba, Serikali ilipokubali kulipa fidia na kuitafutia bandari nyingine.

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda Aomori ili kuelewa hesabu za wavuvi wale. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa kujengewa kituo cha umeme wa nyuklia kando ya bahari wanayovua, na baadaye Serikali ikaanza kuitazama Siaya. Katika visa vyote viwili wataalamu walikuja na takwimu za usalama, ilhali wenyeji waliuliza kuhusu soko la samaki. Hayo ni maswali mawili tofauti, na jibu la moja halijibu la pili.

Yaliyofuata yalikuwa marefu na ya gharama. Mutsu ilipelekwa Sasebo, kusini-magharibi mwa Japani, kurekebishwa ngao. Bandari mpya ikajengwa Sekinehama. Hatimaye mwaka 1991 ikafanya safari zake za majaribio, jumla ya kilomita 82,000 hivi, na kinu kikafanya kazi kama kilivyokusudiwa. Mwaka uliofuata ikastaafishwa. Mradi mzima ulimeza zaidi ya yeni bilioni 120, na bado haikuwa imebeba mzigo wa biashara.

Mwaka 1995 chumba cha kinu kilikatwa na kuondolewa kizima. Leo kimewekwa kwenye makumbusho mjini Mutsu, mkoani Aomori, wageni wakikitazama kupitia kioo. Sehemu ya gamba iliyobaki ikaungwa na sehemu mpya, ikapewa injini za dizeli, rada ya mvua na winchi za kushusha vipimo kilindini. Mwaka 1997 ikarudi baharini kama meli ya utafiti iitwayo Mirai. Hapo ndipo habari yake inapofika Nyeri.

Wakulima wa Endarasha, eneo la Kieni kaunti ya Nyeri, kwenye miteremko ya Aberdare, hupanda viazi, kabichi na karoti kwa kutegemea misimu miwili, masika na vuli. Mvua za vuli hufuata sana tabia ya Bahari ya Hindi. Wataalamu huchukua wastani wa joto la uso wa bahari upande wa magharibi, karibu na Afrika, na kutoa ule wa mashariki, karibu na Sumatra, kwa kulinganisha na hali ya kawaida. Magharibi ikizidi joto, mawingu huelekea kwetu. Ikipoa, vuli huwa chache. Mtindo huo ulielezwa kwa kina mwaka 1999, na vipimo vya upande wa mashariki vilikuwa haba. Mwaka 2001 taasisi ya Japani iliyomiliki Mirai ilianza kutia nanga maboya ya kupima joto na chumvi katika eneo hilohilo.

Mwishoni mwa 2006 Mirai yenyewe ilisimama kwenye ikweta, kusini mwa India, ikirusha maputo yenye vipimo mchana na usiku. Magharibi mwa bahari palikuwa na joto kupita kawaida. Miezi hiyohiyo mafuriko yaliikumba Garissa na bonde la Tana, na kufikia Desemba homa ya Bonde la Ufa ikazuka kwa mifugo na watu, hata wauza nyama wakakosa wateja.

Bado kuna mpaka wa kinachoweza kusomwa kutoka baharini. Kieni imekaa kati ya Aberdare na Mlima Kenya, na milima hiyo huigawa mvua kivyake: shamba lililo juu, karibu na msitu, laweza kulowa wiki nzima huku tambarare za kuelekea Solio zikibaki vumbi. Boya la Sumatra linaweza kusema vuli itakuwa nzito au nyepesi nchini. Kujua ni upande gani wa barabara ya Endarasha utakaopata maji kunahitaji vipimo vya mvua vilivyosimikwa mashambani.