Zege Lenye Shahada

Bacalhau à Brás ni zege lenye shahada. Hukumu hiyo aliitoa rafiki yangu tukila katika mkahawa mdogo mtaa wa Mouraria, Lisbon, na siipingi. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi hulowekwa siku nzima au zaidi, kisha huchambuliwa na kukorogwa na mayai, vitunguu na chipsi nyembamba kama njiti za kiberiti. Mayai yalikuwa laini bado, chumvi ikisikika kwa mbali. Tulinyamaza, jambo adimu kwetu.

Kuku wa piri-piri alituangusha. Mchuzi ulipooza, halafu mhudumu akatufafanulia maana ya piri-piri. Sisi! Tukamwacha amalize.

Kwao rafiki yangu ni Kilwa, mji ulioporwa na Francisco de Almeida mwaka 1505. Nikamuuliza kama chakula hiki kinapita kooni. Akasema hata neno meza tumelitoa kwao, pilipili zenyewe zilikuja na merikebu zao kutoka Amerika, na bibi yake hapiki bila hizo. Kwangu jibu hilo ni jepesi mno, ingawa uma wangu haukusimama.

“Ila angekuwepo Almeida,” akaongeza, “bili ingekuwa yake.”

Tuligawana nusu kwa nusu.