Mshono Mweupe

Fundi wa kuchomelea metali ya tantali hupimwa kwa rangi ya mshono wake. Ukitoka mweupe, wa kung'aa, kazi imekubali. Ukiwa na umanjano wa majani makavu, hewa imepenya kidogo. Ukigeuka bluu, mashaka yameingia; ukiwa wa kijivu na unga juu yake, kipande kimekufa. Msasa hautakifufua, maana oksijeni na nitrojeni hazikuishia juu. Zimezama ndani ya metali na kuifanya ivunjike kama kigae.

Nilimtazama fundi wa aina hiyo katika karakana moja mjini Hanau, Ujerumani, mji wa masonara ambao chuo chake cha usanifu kilianzishwa mwaka 1772. Muda mwingi hakuchomelea chochote. Alisafisha. Alifuta kingo za mabati kwa asetoni, akageuza kitambaa, akafuta tena, na hakuzigusa kwa mkono mtupu hata mara moja, kwa kuwa mafuta ya kidole yanatosha kuharibu kiungo. Kisha akavipanga vipande ndani ya kasha la kioo, hewa ikavutwa nje, gesi ya agoni ikajazwa.

Alipopenyeza mikono kwenye glavu ndefu zilizofungwa ukutani mwa kasha, hakwenda moja kwa moja kwenye kazi ya mteja. Aliwasha moto juu ya kipande cha taka, doa moja dogo, akalikodolea macho. Lilikuwa na kivuli cha manjano ambacho mimi nisingekiona. Akatoa mikono, akabadilisha gesi, akangoja. Doa la pili lilitoka jeupe kabisa. Hapo ndipo alipoanza, kwa mwendo mmoja usiositasita, kuyeyusha metali inayohitaji nyuzi 3,017 za Selsiasi, karibu mara mbili ya chuma. Na alipomaliza hakufungua kasha. Tantali yenye joto la zaidi ya nyuzi 300 hivi bado huinywa hewa, hivyo lazima ipoe humo humo, ndani ya agoni.

Subira yote hiyo ina sababu. Tangu Anders Gustaf Ekeberg alipoitambua huko Sweden mwaka 1802, tantali imejulikana kwa kuikataa asidi. Asidi ya haidrokloriki inayochemka, ambayo hutafuna chuma cha pua, haiiwezi. Inalindwa na ngozi nyembamba ya oksidi inayojiponya ikikwaruzwa. Oksijeni ile ile inayoivisha ngozi hiyo ikiwa baridi ndiyo inayoiua ikiwa moto, na kazi nzima ya fundi ni kusimama katikati ya hayo mawili.

Kwa kuwa ni ghali, matangi ya viwanda vya kemikali hujengwa kwa chuma na kuvishwa ndani bati la tantali, mara nyingi lisilozidi unene wa milimita moja. Mshono ukiwa na tundu la sindano, asidi hupita nyuma na kukila chuma. Chuma kinapoliwa hutoa haidrojeni, haidrojeni huingia kwenye tantali, na bati lililokusudiwa kudumu miaka mingi hupasuka. Tundu moja huua tangi na vazi lake.

Ndiyo maana huniuma kusikia habari za viraka vinavyochomelewa kwenye hewa wazi, bomba la agoni limeshikwa pembeni, kwa kuwa kiwanda kinatakiwa kuwaka kesho asubuhi. Mshono wa bluu husuguliwa kwa brashi ya waya hadi ung'ae, kisha hutiwa saini. Huo si uchomeleaji. Ni kuficha jeraha.

Na kutoithamini metali hii hakukuanzia kiwandani. Sehemu ya tantali ya dunia hutoka Rubaya, wilayani Masisi, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, ambako watu huchimba koltani, madini yenye tantali, kwa sururu na koleo, huiosha kwa maji, huibeba kwa magunia mgongoni, na mvua ikizidi mashimo huwafukia. Kiasi kikubwa huishia kwenye vikapasita vya simu, tunazozitupa kioo kikipasuka. Lakini katika karakana ile ya Hanau, vipande vilivyobaki baada ya kukata viliwekwa kwenye visanduku vyenye lebo, hata vile vidogo kama ukucha.

Fundi yule alikuwa na nywele nyeupe, na hapakuwa na kijana pembeni yake. Masisi kuna vijana wengi wenye mikono mitulivu na macho makali, waliozaliwa juu ya metali hii. Madini yao huondoka yakiwa mchanga, na ujuzi wa kuyaheshimu unazeeka kwingine, bila mtu wa kuurithi. Hasara hiyo ni yetu sote, na hakuna anayeihesabu.