Je, Mchezo wa Kompyuta Watosha Kumsomesha Mtoto?



Wazazi wengi siku hizi wanauliza: je, yafaa mtoto mdogo afundishwe kusoma kwa michezo ya kompyuta? Wako wasemao kuwa huo ni upuuzi wa kigeni. Na wako wasemao kuwa mwalimu sasa hana kazi. Rai zote mbili zina kasoro, na dalili tunayo hapa hapa pwani.

Mwaka 2017 watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE, kwa ushirikiano wa UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Kusudi lilikuwa mtoto ajifundishe mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10.

Haki isemwe: hilo si jambo dogo. Kiswahili husomwa kama kinavyotamkwa, na irabu zake ni tano tu. Mtoto akishajua kuunganisha b na a akapata ba, mlango umefunguka. Lakini kazi hiyo yataka kurudiwarudiwa, na huko kurudia ndiko kunakomchosha mwalimu. Chombo hakichoki, hakikasiriki wala hakishiki bakora. Sisi tuliosomeshwa chuoni, kisha tukasomesha wengine, tunajua ni wangapi waliokimbia kwa kuogopa bakora, wala si kwa uzito wa herufi.

Ama kusema kuwa jambo hili limetoka kwa wageni, hiyo si hoja. Imepokewa kwamba mateka wa Badri, mwaka wa 2 Hijria, waliokosa mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Nao walikuwa maadui waliotekwa vitani! Elimu yenye manufaa haikukataliwa kwa sababu ya aliyeileta.

Lakini, ndugu yangu, tuitazame na nusu ya pili. Nusu ya wale waliokuwa hawajui neno walibaki hawajui, baada ya miezi 15 ya kuwa na chombo mkononi. Kwa nini?

Uko mchezo mwingine uitwao GraphoGame, ulioanzia Chuo Kikuu cha Jyväskylä, nchini Finland. Mtoto husikia sauti, kisha huchagua herufi yake kwenye kioo. Mwaka 2020 mtafiti McTigue na wenzake walizipitia pamoja tafiti 19 za mchezo huo. Kwa wastani hawakuona kuwa uliwazidishia watoto uwezo wa kusoma maneno. Lakini pale mtu mzima aliposhughulika na mtoto akichezapo, faida ilionekana. Basi siri ni yule aliyeketi kando ya mtoto.

Nami nimeyaona nyumbani kwangu. Mjukuu wangu wa miaka sita alikuwa akicheza mchezo wa namna hii katika simu ya mama yake, na kila akipatia huchezewa muziki na kupewa nyota. Akaniambia, "Babu, mimi najua kusoma." Nikaandika ubaoni neno lile lile alilolipatia punde, "kuku". Akalitazama, kisha akanitazama mimi. Alikuwa akigusa picha ya kuku, wala hakuwa akisoma. Akikosea, hugusa nyingine, mpaka nyota zije. Mchezo ulimsifu kwa kubahatisha, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Hebu nisomee."

Iko hesabu moja ya Tanga inayonikosesha raha kuliko zote. Asilimia 80 ya watoto wale ilielezwa kuwa hawakuwa wakisomewa chochote nyumbani. Hesabu hiyo haikishitaki chombo. Yatushitaki sisi wazazi. Mtoto ambaye hajamwona babake ameshika kitabu, atapendaje kitabu?

Kwa hivyo, mzazi, ukiwa nacho chombo hicho, usimnyime mwanao. Lakini usimpe kisha ukenda zako barazani. Kaa naye muda mfupi. Kisha kizime, chukua ubao au kitabu, umwambie akusomee yale yale aliyoyacheza. Akikosea, msahihishe kwa upole. Akipatia, msifu kwa ulimi wako. Na wewe usiyejua kusoma usione haya: keti umsikilize, naye atakufundisha.

Nyota za kwenye kioo huzimika pamoja na kioo. Sifa ya mzazi mtoto hulala nayo, na kesho akaamka akitaka kusoma tena.