Yadi 100, shauri la nani?

Hadithi ya Ernest Hemingway kuhusu Francis Macomber, iliyotoka mwaka wa 1936, husomwa sana kama hadithi ya woga na ndoa mbovu. Sawa. Mimi naisoma kama hadithi ya umbali.

Macomber, tajiri Mmarekani, anamuuliza Wilson, mwindaji aliyemkodi, simba atapigwa kutoka wapi. Wilson anamwambia yadi 100 hivi, asibahatishe mbali zaidi. Si ati bunduki haifiki. Ile Springfield yake inaua mbali kuliko hapo. Kinachopimwa ni uhakika wa mpigaji: kwa yadi 100 anaweza kulenga bega, avunje mfupa, mnyama aanguke bila kuteseka sana. Hemingway mwenyewe naona anaiamini kanuni hii.

Halafu anaipasua. Simba anapatikana kwa yadi kama 75, yaani karibu kuliko walivyopanga. Lakini mikono ya Macomber inatetemeka, hata loki ya bunduki amesahau kuitoa, na risasi inaishia tumboni. Hapo mwandishi anahamia kwa simba, maumivu tunayapata kutoka ndani yake. Kwangu hakuna sehemu bora kuliko hiyo. Umbali ulikuwa halali, mtu ndiye hakuwa tayari. Kwa mikono ile, hata yadi 20 zingekuwa nyingi.

Shida yangu iko mbele kidogo. Simba amejificha kwenye nyasi ndefu na lazima afuatwe. Kutuma watu wamfurushe Wilson anakataa, anaona ni kama kuwaua. Na wabeba bunduki je? Hao wataingia, anasema, ni shauri lao, walikubali kazi. Ndiyo, neno letu hasa: shauri. Simba amepewa tumbo linaloungua na chuki yake mwenyewe. Wabeba bunduki, ambao hawakufyatua chochote, hawapati hata aya moja ya namna hiyo. Kanuni ya yadi 100 inamhesabu mnyama na mteja, basi.

Na huyo Wilson, kesho yake, anafukuza nyati kwa gari, jambo analokiri lingemnyima leseni likisikika Nairobi. Hadithi inamwona, haimwachi atoke msafi. Kwa wabeba bunduki haikuangalia hata mara moja.