Si kila kombe ni chaza: Kasoro katika tafsiri za taarifa za visukuku

Neno ‘kisukuku’ tumelizoea katika fungu moja tu la maneno: ‘mafuta ya kisukuku’ ama ‘nishati ya visukuku’. Ukimwuliza msomaji wa kawaida kisukuku ni nini, huenda akakujibu kuwa ni dizeli. Ilhali kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa mwambani. Juma hili ningependa kuhakiki jinsi tunavyozitafsiri taarifa za aina hii. Mfano wangu ni matabaka ya makombe yaliyo karibu na jiji la Cincinnati, jimboni Ohio, Marekani.

Hebu tuanze na mambo yenyewe. Takriban miaka milioni 450 iliyopita, katika kipindi ambacho wanajiolojia hukiita Odovisia, eneo hilo lilikuwa kusini mwa ikweta, tena chini ya bahari ya kina kifupi yenye maji ya vuguvugu. Leo bahari haipo. Kuna vilima, vijito na kingo za barabara ambapo mawe ya chokaa yaliyosheheni makombe yamepishana na tope lililogeuka mwamba. Mengi ya makombe hayo ni ya wanyama waitwao brakiopodi.

Kasoro ya kwanza huzukia hapo. Mtafsiri akishaona mnyama wa baharini mwenye magamba mawili, mbio huandika ‘chaza wa kale’. Neno ni letu, ni tamu, lakini linapotosha. Brakiopodi si jamaa ya chaza. Ni ukoo mwingine kabisa.

Tofauti yao mtu anaweza kuiona kwa macho. Kutanisha viganja vyako kama anayeomba dua. Cha kulia na cha kushoto vinalingana, lakini kiganja kimoja peke yake hakigawiki nusu mbili sawa, maana kidole gumba kiko upande mmoja. Ndivyo walivyo jamaa wengi wa chaza, ingawa chaza mwenyewe hukiuka kidogo. Brakiopodi ni kama uso: chora mstari katikati ya gamba lake, na kulia kutafanana na kushoto. Ila gamba la juu na la chini havilingani. Aghalabu moja ni kubwa kuliko jingine.

Je, haya ni mabishano ya wasomi tu? La hasha. Kwa mamilioni ya miaka brakiopodi walitawala sakafu za bahari za kina kifupi. Kisha, miaka milioni 252 hivi iliyopita, likaja angamizo kubwa kuliko yote yanayojulikana, nao wakapigwa vibaya. Baadaye jamaa za chaza ndio waliotamalaki. Wataalamu wameeleza zaidi ya spishi 12,000 za brakiopodi wa kale, ilhali walio hai leo ni spishi 400 hivi. Sasa, ukiwaita wote chaza, utamsimuliaje msomaji kisa hiki? Utamwambia chaza waliondoka, wakaja chaza?

Kasoro ya pili ni kutafsiri jina neno kwa neno. ‘Brakiopodi’ limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkono na mguu. Waliolibuni walidhani viungo vilivyojikunja ndani ya kombe hufanya kazi ya mguu, kumbe ni vya kunasia chakula majini. Tukiunda ‘mkonomguu’ tutakuwa tumerithi kosa la watu na kulipa uraia. Waingereza nao huwaita ‘makombe ya taa’ kwa kuwa baadhi yao hufanana na taa za mafuta za Warumi. Lakini sisi taa yetu ni koroboi, na koroboi haifanani na brakiopodi hata chembe! Afadhali tukope jina, tulinyoshe kwa silabi zetu, tuendelee na safari.

Kasoro ya tatu ni kinyume cha hizo: kuyapuuza maneno yetu pale yanapofaa hasa. Nani alisema tabaka la makombe liitwe ‘kitanda cha makombe’ eti kwa sababu Kiingereza kinatumia neno la kitanda? Na matabaka haya yalitokeaje? Dhoruba ziliitibua sakafu ya bahari, zikachukua tope jepesi na kuacha makombe. Kiswahili kina kitenzi kilichokaa tayari: kupepeta. Bahari iliyapepeta makombe kama mama anavyopepeta mtama kwa ungo. Mahali pengine brakiopodi bapa aitwaye Rafinesquina amepangana wimawima, mfano wa sahani kichanjani. Mwandishi anayeliita tabaka kama hilo ‘makaburi’ anatupotosha, kwani makombe hayo hayakutulia pale wenyewe walipofia. Yalisombwa na kupangwa upya.

Mwaka 1942 wakazi wa Cincinnati waliunda chama cha wapenda visukuku kiitwacho Dry Dredgers. Wanachama wengi si wanasayansi kwa taaluma, lakini huokota, hutambua na kutaja kwa jina. Sayansi imekuwa mali yao kwa sababu wana maneno ya kuizungumzia. Wazee wa pwani yetu nao hawachanganyi chaza na kauri, wala kauri na konokono, maana kwao jina ni maarifa.

Kwa hivyo nawasihi wahariri na watafsiri: tusikope tulicho nacho, wala tusilazimishe tulicho nacho kubeba kisicho chake. Tuseme tabaka, tuseme kupepeta, na tunapomfikia brakiopodi tumwite brakiopodi, kisha tumweleze kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtoto wa shule.