Utambuzi: Neno Moja, Mizigo Miwili

Miongoni mwa istilahi zinazotumiwa kufundishia saikolojia kwa Kiswahili limo neno utambuzi. Baadhi ya waandishi hulitaja kwalo tawi zima la elimu hiyo, wakaliita saikolojia ya utambuzi. Tawi hilo, ambalo jina lake lilienea kwa kitabu cha Mmarekani Ulric Neisser cha mwaka 1967, huchunguza jinsi binadamu anavyopokea habari kwa milango ya fahamu, anavyozihifadhi, na anavyozitumia katika kufikiri na kusema. Kwa maoni yetu uteuzi huu una kasoro, na kasoro yenyewe si ndogo.

Kwa Mswahili, kutambua ni kumjua tena mtu au kitu ulichokwisha kukijua. Maana hiyo ndiyo inayohitajika maabarani. Mtafiti huwasomea watu maneno 20. Kisha ama huwataka wayataje bila msaada, ama huwaonyesha maneno 40 wachague yale waliyoyasikia. Jaribio la kwanza ni la kukumbuka, la pili ni la kutambua, na kwa kawaida watu hufanya vizuri zaidi katika la pili.

Katika neurosaikolojia, yaani elimu ya uhusiano wa ubongo na tabia, mkanganyiko huzidi. Mwaka 1947 Mjerumani Joachim Bodamer alieleza habari za watu waliojeruhiwa kichwani, ambao hawakuweza kuzitambua nyuso za watu waliowajua, ingawa waliwajua kwa sauti zao. Aliiita hali hiyo prosopagnosia. Mhadhiri anayefuata istilahi ya sasa atalazimika kusema kwamba mgonjwa wa namna hiyo ameharibikiwa na utambuzi, ilhali utambuzi wake kwa jumla ni mzima. Mwanafunzi ataandika nini katika mtihani? Tena, mwajiri akisoma katika taarifa ya daktari kwamba mtu "ana upungufu wa utambuzi", atamdhania hana akili timamu, kumbe aliloshindwa ni nyuso tu.

Tunapendekeza utambuzi ubakie na maana yake ya asili, na tawi zima liitwe saikolojia ya idraki. Tumelifikiria pia neno ung'amuzi, lakini limekwisha kuhusishwa na mambo ya nafsi isiyojijua. Maarifa nayo ni matokeo ya kujua, si tendo lenyewe.

Wako watakaosema kwamba idraki ni neno adimu, na mwanafunzi hatalielewa. Ni kweli, lakini asiyelielewa neno huuliza, akapewa maana yake. Anayedhani amelielewa haulizi, naye huliendea kosa kwa uhakika. Istilahi ya pili ndiyo ya hatari. Hivyo basi, walimu na wakaguzi wa istilahi hawana budi kulipima kila neno kwa sentensi za darasani, wala si kwa orodha peke yake, kabla ya kulipitisha.